Bolti ya Kumwagia Oili

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, doa la oili chini ya pikipiki lilikuwa limefikia ukubwa wa sahani. Fundi alipigiwa simu kabla hajanawa uso.

Pikipiki ilikuwa ya shemeji yake, mume wa dada yake mdogo. Mwanzoni mwa mwaka lori liliigonga ubavuni. Shemeji akavunjika mfupa wa bega, injini ikapasuka. Mfupa uliunga. Injini aliijenga upya fundi mwenyewe, bila malipo, kwa sababu nyumba ile ilikula kwa pikipiki ile. Tangu aikabidhi, haijabeba abiria hata mmoja. Kila kukicha imevuja.

Shemeji aliifikisha gereji akiisukuma, jasho likimtoka, wateja wamejaa kwenye benchi.

"Shemeji, mtoto wako kajikojolea tena."

Benchi zima likacheka.

"Si ungeiwasha tu, ukaja nayo polepole?" fundi aliuliza.

"Ili niue injini, halafu useme nimeiua mimi?" Shemeji akawageukia waliokaa. "Huyu mngemwanzishia baiskeli kwanza."

Mteja mmoja aliyekuja kubadilisha mnyororo akakumbuka ghafla kwamba ana haraka, akaondoka. Masikio ya fundi yalikuwa yanawaka.

Alipiga magoti, akapapasa chini ya injini. Bolti ya kumwagia oili ilikuwa imelegea. Hilo lilimuuma kuliko kicheko. Kukaza bolti ile ndilo jambo la kwanza mtu kufundishwa gereji. Alikuwa na hakika aliikaza. Lakini mara iliyopita pia alikuwa na hakika, na aliikuta hivyo hivyo.

Akaikaza, akajaza oili mpya. Kisha, ili asije akalaumu bolti kumbe kuna tundu jingine, akaiosha injini, akaikausha, akaipaka yote poda ya watoto. Oili ikitoka huchora njia kwenye poda. Ukiifuata njia hiyo kwenda juu unafika inapotokea. Akaiacha ingurume mpaka ikapata moto, akazunguka nayo mtaa, akarudi, akalala chini na tochi. Gasketi kavu. Sili za mpira nazo kavu. Poda nyeupe kama alivyoipaka.

Mwisho akachukua rangi ya kucha ya mkewe, akachora mstari mwekundu ulioanzia kwenye kichwa cha bolti na kuishia kwenye chuma cha injini. Bolti ikigeuka, mstari unakatika. Jioni akaipeleka pikipiki mwenyewe, akaiegesha uani kwa dada yake.

Asubuhi simu ililia tena. Safari hii alikwenda yeye. Mstari ulikuwa umekatika. Nusu moja imetazama ukutani, nusu nyingine imebaki ilipochorwa. Pikipiki iliyosimama haijifungui bolti.

Dada yake alimsubiri mlangoni, mikono imejaa povu. Ndoo za nguo zilizokuwa nyuma yake hazikuwa za nyumba ile.

"Kaka, kama imekushinda, sema tu. Hakuna atakayekucheka."

"Wameshacheka."

"Basi tumpe mwingine. Mimi nitawafulia watu mpaka lini?"

Fundi alitazama povu likimdondoka dada yake kwenye vidole. "Nipe mpaka kesho," alisema. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Jirani yenu siku hizi anapata kazi?"

Jirani naye alikuwa dereva wa pikipiki. Tangu ajali, abiria wote wa shemeji walipanda kwake, na uani hapakuwa na geti. Dada alielewa, akakung'uta povu mikononi.

"Usije ukampiga mtu, kaka."

Fundi aliikaza bolti tena, akajaza oili, akaenda zake. Kesho yake kulipoanza kupambazuka alikuwa amechuchumaa nyuma ya tangi la maji, simu ameizima sauti. Mtu mzima, mwenye gereji yake, amejificha uani kwa dada yake kama mwizi wa kuku. Aliomba asionwe na mtu anayemfahamu.

Jirani alitoka, akapiga miayo, akaiwasha pikipiki yake na kuondoka. Ya shemeji hakuitupia hata jicho.

Fundi akabaki akiutazama ukuta. Alikuwa amemvisha mtu uhalifu ili kuficha uzembe wake. Kama hakuna aliyeigusa, basi kazi ilikuwa mbovu, na mwenye kazi ni yeye. Akaamua: atamwambia dada yake atafute fundi mwingine, leo hii.

Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Shemeji alitoka amevaa koti la kazini na kofia ngumu. Aliipanda pikipiki, akatia ufunguo, akaweka mguu kwenye kiki ya kuwashia, akashika usukani kwa mikono yote miwili.

Hakupiga kiki. Alikaa hivyo hivyo, akitetemeka mpaka vioo vya pembeni vikawa vinagongagonga. Baadaye alivua kofia, akashuka, akaliangalia dirisha la chumbani alimolala mkewe. Kisha akachomoa spana ndani ya koti, akalala chali chini ya injini.

Oili ilipoanza kudondoka aliifuta spana kwa leso, akaingia ndani, akafunga mlango. Simu ikatetemeka mfukoni mwa fundi.

"Shemeji, imevuja tena. Sasa wewe ni fundi wa nini?"

Fundi alikinga mdomo kwa kiganja.

"Nisamehe, shemeji," alinong'ona. "Kosa ni langu. Isukume, uilete."