Kitanda cha Abner

Mikono miwili ilikishika kitanda kimoja kwa pamoja: wa Aletta upande wa miguuni, wa Gertruida upande wa kichwani.

Kilikuwa kitanda cha chuma cha mtoto, nguzo nne, rangi nyeupe imeanza kubanduka. Festus mchuuzi alikuja nacho hicho kimoja tu kwenye pikapu yake. Tangu kila mtu pale kijijini aanze kupewa bure dola mia kwa mwezi, mwenye kazi na asiye nayo, na za watoto zikipitia kwa mama zao, Festus hakukosa hata siku moja ya malipo.

"Mia tatu," alisema. "Amueni wenyewe."

Gertruida, mama wa watoto sita, alikuwa na mia saba mkobani. Aletta alikuwa na mia tatu kamili, za mtu mmoja, alizozibana miezi mitatu huku akila uji mtupu. Gertruida akiongeza hata hamsini, kitanda kimekwenda.

Gertruida, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akimwachia mtu kitu, aliinua macho akaona ni nani aliyeshika upande wa pili. Akaachia.

"Muuzie Mama Abner," alimwambia Festus, akaenda zake upesi.

Festus alishangaa. "Kumbe una mtoto! Mbona unapokea mia moja tu? Ulichelewa kumwandikisha?"

"Orodha ndiyo iliyochelewa."

"Ana miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Dada, mwakani miguu itakuwa inaning'inia nje! Subiri mwezi ujao nikuletee kikubwa."

"Hiki kinamtosha."

"Na godoro je? Au utamlaza kwenye vyuma kama nyama choma?"

Aletta hakucheka. "Blanketi analo. Nilimpa langu. Shida yangu ni mbuzi. Wanampita juu."

"Ah, hapo umefanya vizuri. Mtoto halazwi chini." Festus alichota peremende mbili kwenye kopo. "Mpelekee. Mwambie zimetoka kwa mjomba Festus."

Aletta alishukuru kwa sauti ndogo. Alijitwika kitanda, jua la mchana likimchoma mabegani. Akaupita mlango wa kibanda chake bila kugeuka, akavuka reli, akashika njia ya kwenye miiba. Mbuzi walikuwa huko, kama kawaida yao. Akawafukuza kwa mawe na matusi.

Kisha alikitua kitanda juu ya kituta kifupi cha mchanga, akazididimiza nguzo zote nne mpaka hazikutikisika, akaweka peremende chini ya msalaba. Tarehe alikuwa ameichoma mwenyewe kwenye ubao wa msalaba, kwa msumari wa moto: ishirini Desemba. Mia ya kwanza ilitolewa tarehe nane Januari iliyofuata.