Chafya ya Mashavu

Nyuki wa mzinga mmoja walikuwa na ada yao: mabawa ya mmoja wao yakichakaa, yenyewe humvumia, "Inatosha, dada," naye huaga, akatoka asirudi.

Mashavu, nyuki mzee ambaye mabawa yake yalikwisha chakaa, hakutaka kuaga. Alijiziba masikio kwa nta, akabaki akila asali na kuangua watoto wenye mabawa mabovu kama yake, nao akawaziba vilevile. Mzinga ukajaa, wengine wakalala njaa.

Nyuki wakatawanyika kutafuta dawa. Kwao, anayepata kitu hurudi akacheza, na wanaomwona humfuata. Wa kwanza alicheza ngoma ya utupa, sumu inayoua samaki mto mzima, na wote wakaufuata utupa. Isipokuwa Sikitu, ambaye hata ngoma ya kwenda mlangoni huielewa kinyume. Alipitiwa na chechele, akapotea njia, akatua kwenye ungo wa pilipili zilizoanikwa, akarudi mzingani na vumbi lake.

"Sikitu, utamuua nani na kiungo cha mchuzi?" wenzake walimcheka.

"Simuui mtu. Na huo utupa wenu mkiumwaga humu, atabaki nani?"

Sikitu akapepea vumbi la pilipili. Mashavu akapiga chafya, wanawe wakapiga chafya, na nta zikawatoka masikioni. Ndipo mabawa yao yakasikika yakivuma, "Inatosha, dada."

"Kumbe ni mimi mwenyewe niliyekuwa nasema," Mashavu alimwambia Sikitu, aliyempisha mlangoni. Akaaga, akatoka, wanawe wakifuatana nyuma yake.