Dakika Tisini

Ofisi nzima ilikuwa ikimpongeza Saumu kwa programu yake, ambayo kuanzia kesho ingewaonyesha wauguzi wa wodi ya watoto ni mtoto gani amekaa muda mrefu zaidi bila dawa. Makame, aliyemfundisha kazi, alibaki mezani kwake akiipekua programu hiyo kutafuta kosa. Akalipata. Saumu alilinganisha muda kama maneno, si kama namba, hivyo kompyuta iliona dakika 90 ni nyingi kuliko 120, kwa kuwa ilianza na tarakimu ya kwanza, na tisa inaizidi moja.

Moyo ulimruka kwa furaha. Akinyamaza tu, Saumu ataumbuka.

"Kaka Makame, nimekuwekea haluwa," Saumu alisema, akimletea kisahani.

Makame akawafikiria wale watoto. "Hebu tazama mstari huu," alisema kwa shida.

Saumu aliusoma, akashika mdomo. "Bosi! Njoo uone, nimekosea!"

Bosi alikuja, akasikiliza, akamshika Saumu bega. "Ndiyo maana nakuamini. Huoni haya kukiri kosa."

Makame alipoinuka kuwapisha, bosi akakivuta kiti chake, akamkalisha Saumu arekebishe. Makame alibaki amesimama nyuma yao, akiwatazama wakicheka mbele ya kompyuta yake.