Mikono ya Kuazima

Kabla ya kuchagua tawi lake katika tiba ya mifupa, mwanafunzi wa udaktari huazimishwa mikono ya bingwa. Ni glavu nyembamba zilizohifadhi ujuzi wake. Zikigusa mwili hujiendesha zenyewe, na hazivuliwi wiki nzima, hata nyumbani. Wiki iliyopita nilivaa za bingwa wa mifupa ya wanamichezo, nikaamua ndilo tawi langu. Zamu zake ni fupi, na mimi nina mtoto anayenyonya. Hizi za sasa nilizivaa kutimiza utaratibu tu.

Jioni nilimwogesha Tunu, nikamlaza kwenye khanga nimkande mafuta ya nazi. Mama mkwe akasogea.

"Leo mikono ya nani?"

"Ya Dakta Mwang'onda, mama. Mifupa ya watoto."

"Si alishakufa yule?"

"Mwaka juzi."

"Basi isomee bismillahi kabla haijamgusa mjukuu wangu."

Tukacheka. Mikono ikamkunja Tunu magoti, ikamfungua mapaja taratibu, kulia, kisha kushoto. Kushoto ikasita. Ikarudia.

"Mama Tunu, unamkanda mtoto au unampanua kama chura?"

"Si mimi, mama."

"Imeona nini?"

"Sijui. Yenyewe inajua, mimi bado. Kesho asubuhi tumpeleke akapigwe picha ya nyonga."

 Nikamwomba anishikie simu, nikatamka kwenye fomu ya chuo tawi la watoto badala ya lile la wanamichezo, likapokelewa. Tunu alikuwa akicheka, akirusha mguu wa kulia. Nilitaka kumvalisha nguo alale, lakini mikono haikukubali kuuachia ule wa kushoto.