Nyuma ya Gurudumu la Shemeji

Jasho la shemeji limekauka.

Tangu tulipowaacha wenzetu wote nyuma kwenye mashindano haya ya baiskeli, yeye ndiye anayekata upepo. Mimi nimeganda nyuma ya gurudumu lake, nikilalamika kwamba miguu imekufa. Ni uongo. Miguu ninayo, naitunza kwa ajili ya mlima wa mwisho, nimpite pale.

Lakini ukimfuata mtu hivyo, unaujua mgongo wake kuliko mkewe, na mkewe ni dada yangu. Muda si mrefu uliopita shingo yake ilikuwa inatiririka jasho. Sasa ni kavu kabisa, chumvi imeganda nyeupe kwenye mikunjo, na jua ni lile lile. Baiskeli yake imeanza kuyumba.

Nishamwona mtu wa hivi. Mwenzetu mmoja, fundi bomba, alikauka vivyo hivyo katikati ya mashindano, akaanguka, hakuamka.

Mlima ndio huu. Ushindi basi tena. Natoka nyuma yake nikamshike bega.

Anaona kivuli changu ubavuni. "Ahaa! Miguu imefufuka?" Anacheka kwa sauti nzito, kama mlevi.

"Simama, shemeji! Hutoki jasho! Simama unywe maji!"

"Nisimame ili upite? Mbinu zako nazijua, mwongo mkubwa wewe!"

Ananyanyuka kwenye kiti, anakanyaga pedali kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Na mimi nakanyaga. Kila ninapomkaribia, anasikia mnyororo wangu, anaongeza mwendo.