Hodi ya Tatu

Siku hizi ukuta wa mtandao, ule unaolinda simu za nyumbani, hauhitaji fundi. Anayekupigia anabisha hodi mara tatu; ukisema karibu, anaingia. Ukinyamaza, njia kati yenu inafungwa daima, kwenda na kurudi.

Marehemu mume wangu alikuwa akiandika amri ndefu kwenye skrini nyeusi. Mimi, nilipoingia eda, niliuambia ukuta tu, "Sipokei wanaume mpaka nitoke."

Leo nimetoka. Fundi Mbaruku, aliyefanya kazi na marehemu, amekuja kunipa pole, akaifungua ile skrini.

"Shemeji, Shekue alibisha siku ya maziko. Mara tatu."

Shekue ni mwanangu wa pekee, yuko Muskati. Miezi minne na siku kumi nimemnung'unikia kwamba hakunipa hata pole. Nani husema wanaume akamaanisha na mwanawe?

"Mfungulie, fundi."

"Zamani kulikuwa na amri ya kufungua, shemeji. Waliiondoa ili mambo yawe rahisi."

Ameshaondoka. Nimekaa mbele ya ukuta, nasema karibu, mwanangu, karibu. Unanijibu kwa adabu: "Hakuna mtu mlangoni, Bi Mwanasha."