Mama Bado Anapita Ofisini

Simu ya marehemu ilitetemeka juu ya kabati. Ujumbe: "Ndugu mwananchi, umetambuliwa katika ofisi yetu ya vitambulisho leo. Karibu tena."

Mama mdogo aliusoma, akaketi sakafuni taratibu. Dada yake walishamzika mwezi uliopita.

"Anatafuta nini huko?" alinong'ona. "Mtu alipokuwa hai hata foleni yao hakuipenda."

"Labda kuna kitu alisahau," alisema binti wa marehemu. Alitaka kucheka, akaacha.

Maana yeye mwenyewe ndiyo kwanza anatoka ofisi hiyohiyo, kuomba kitambulisho. Akikikosa mpaka Ijumaa, nafasi yake ya chuo cha uuguzi anapewa mwingine. Na kila akiweka kidole, mashine inawaka taa nyekundu, picha haifunguki. Karani hata macho hainui: "Mtandao huo. Rudi kesho."

Kesho yake akarudi. Nyekundu tena. Kufika nyumbani, simu ya mama nayo: umetambuliwa leo.

"Yaani mnapishana naye mlangoni," mama mdogo alisema, vinyweleo vimemsimama.

Basi binti akawa wa kugeukageuka kwenye foleni. Mara moja aliisikia kabisa harufu ya sabuni ya kipande, ileile ya mama, aliyewafulia watu nguo mpaka mistari ya vidole ikafutika. Hata siku ya kuandikishwa mashine ilimkataa mchana kutwa. Watu wakaguna nyuma yao, karani akachoka, akamgeukia binti, wakati huo bado mwanafunzi: "Hebu msaidie mama yako, tumalizane."

Alhamisi mama mdogo alijitanda mtandio, akaenda kuripoti kifo.

"Tumpumzishe dada yangu. Serikali haijui kama kafa, ndiyo maana anatangatanga."

Simu ikanyamaza. Nyumba nzima ikashusha pumzi.

Ijumaa mtandao ulikuwa mzuri ajabu. Binti aliweka dole gumba, na kwa mara ya kwanza picha ikafunguka yote. Mama, na lile tabasamu lake la aibu. Chini yake, kwa herufi nyekundu: MAREHEMU.

Karani aliinua macho, akamtazama, akasogeza kiti nyuma.

Binti alikitazama kidole chake, kilekile alichomwazima mama siku ile ya foleni.